Kiswahili Kilichoingia Studio ya New York, 1960

Mara ya kwanza kusikia Uhuru Afrika nilikuwa ndani ya matatu, Jogoo Road, jioni ya mvua, ile siku hakuna gari linasonga na makanga ameacha hata kubishana na watu juu ya nauli. Nilikuwa nimeshusha kwenye simu orodha ndefu ya wapiga piano wa jazi wa miaka ya 50 na 60, nikitumia intaneti ya bure ya mkahawa fulani mpaka wahudumu wakaanza kuniangalia vibaya. Horace Silver akapita. Sonny Clark akapita. Bobby Timmons naye akapita. Nilikuwa nasinzia. Halafu zikaingia ngoma, na juu ya ngoma mwanaume akaanza kuongea Kiswahili.

Nilidhani simu imeruka ikaingia stesheni ya redio. Nikaitoa mfukoni nikaangalia. Randy Weston, "Uhuru Kwanza". New York, 1960.

Ukiwa Mkenya umezoea kusikia wageni wakitumia Kiswahili kama pilipili: jambo moja hapa, hakuna matata pale, simba anapita nyuma. Hiki hakikuwa hicho. Ilikuwa sauti ya mtu mzima anayejua anachosema, anatamka kila silabi kama anasoma tangazo la serikali ambayo bado haijaundwa. Tangu siku hiyo nimemfuata Weston rekodi moja baada ya nyingine. Mimi si mtaalamu wa muziki, na hata digrii sikumaliza, lakini masikio ninayo, na hii hadithi naona inatuhusu.

Weston alizaliwa Brooklyn tarehe 6 Aprili 1926. Babake, Frank Edward Weston, alikuwa na asili ya Panama na Jamaika, na alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, kumaanisha kwamba nyumbani mwake Afrika haikuwa sinema ya Tarzan. Mzee alimwambia kijana wake kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani, na kwamba asome Afrika ilivyokuwa kabla ya minyororo. Alimlazimisha pia kujifunza piano. Kijana hakutaka, alikuwa mrefu kuliko wote mtaani, mwishowe akafika kama mita mbili, na mpira wa kikapu ulikuwa unamwita. Lakini na babake hakukuwa na mjadala.

Vita vya Pili vya Dunia vilimpeleka jeshini mpaka Okinawa. Aliporudi akafanya kazi kwenye mkahawa wa babake, na mkahawa huo ukawa kijiwe cha wanamuziki. Max Roach, mpiga dramu, alikuwa kijana wa Brooklyn hiyo hiyo. Ng'ambo ya mto, Manhattan, alikuwepo Thelonious Monk. Weston alimsikia Monk, mwanzoni akashangaa huyu jamaa anafanya nini, kisha akamtafuta na kwenda kukaa kwake akimsikiliza.

Hapa niseme kidogo kuhusu mtindo wenyewe, kwa wale ambao jazi kwao ni ile sauti ya lifti. Miaka ya 40 wanamuziki weusi wa New York walitengeneza bibopu, muziki wa kasi na hesabu ngumu, wa kusikiliza ukiwa umekaa. Miaka ya 50 wenzao wakasema sawa, ujanja tumeuona, lakini kanisa liko wapi? Bluzi iko wapi? Watu watacheza lini? Wakarudisha vitu hivyo ndani, wakakaza mdundo, na mtindo huo ukaitwa hardibopu. Kwa mpiga piano maana yake ni kwamba vidole vinakumbuka kwamba piano ni nyundo zinazogonga nyaya. Wengi waliichukulia hivyo kwa mkono wa kulia, haraka haraka, ling'are. Weston aliteremka chini, kwenye nota nzito za mkono wa kushoto, akakaa huko.

Rekodi yake ya kwanza ilitoka 1954 kwa lebo ya Riverside: nyimbo za Cole Porter, piano na besi peke yake. Ni nzuri, ya heshima, unaweza kuwawekea wageni. Mwaka uliofuata jarida la Down Beat likamtaja kama nyota mpya wa piano. Lakini ukitaka kumjua, sikiliza Jazz à la Bohemia, iliyorekodiwa moja kwa moja klabuni 1956, akiwa na Cecil Payne kwenye saksafoni ya bariton. Anapiga kama mtu anayebisha mlango: anagonga, anangoja, anasikiliza kama kuna mtu ndani, anagonga tena. Ile nafasi anayoacha katikati ndiyo ilinikamata. Wengine wanaijaza kila pengo kana kwamba wanalipwa kwa nota.

Kisha kuna "Hi-Fly", wimbo wake ambao kila mtu aliuchukua. Art Blakey aliurekodi na Jazz Messengers 1959, Cannonball Adderley akaupiga jukwaani San Francisco mwaka huo huo. Weston alieleza kwamba wimbo huo unahusu kuwa mrefu kama yeye na kuangalia chini kule ardhi iliko. Hapo angeweza kutulia. Mtu mwenye wimbo unaopigwa na Blakey na Cannonball ana njia iliyonyooka: andika mingine kama huo, kula vizuri, zeeka.

Badala yake alienda kutafuta lugha.

Inabidi ukumbuke mwaka wenyewe. Mwaka 1960 peke yake nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Kongo ilikuwa Juni, Nigeria Oktoba. Septemba hiyo New York ilijaa viongozi waliokuja Umoja wa Mataifa. Nkrumah alihutubia pale, na Fidel Castro alihamia hoteli ya Theresa, Harlem, katikati ya watu weusi. Huku kwetu hali ya hatari ilikuwa imeondolewa Januari, mkutano wa kwanza wa Lancaster House umefanyika London, lakini Kenyatta bado amefungiwa kaskazini. Tom Mboya, akiwa hajafika miaka 30, alitokea kwenye jalada la Time mwezi wa Machi. Mwaka uliotangulia alikuwa amezunguka Marekani akitafuta pesa za kusafirisha wanafunzi, na waliotia sahihi ombi la kuchangia ni pamoja na Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson. Ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Kwa hivyo neno uhuru halikufika Brooklyn kwa upepo. Lilifika na watu, wenye masanduku.

Weston alitaka kutengeneza kazi ndefu, ya sehemu nne, kuhusu Afrika inayojikomboa. Na alitaka ndani yake isikike lugha ya Kiafrika, siyo Kiingereza kilichovaa kitenge. Watu wa Umoja wa Mataifa walikuwa hapo hapo mjini, akawauliza. Jibu likawa Kiswahili. Kwa maneno alienda kwa Langston Hughes, mshairi, ambaye aliandika shairi la uhuru na pia maneno ya sehemu ya pili, "African Lady". Na wa kulisema shairi kwa Kiswahili akapatikana Mtanganyika aliyekuwa New York, Tuntemeke Sanga.

Hebu simama kwa jina hilo. Sanga ni jina la Wakinga, watu wa Makete, kule nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mahali penye baridi ya kukata masikio na mbali na pwani kabisa. Nchi yake bado ilikuwa chini ya Waingereza. Tanganyika ingepata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, zaidi ya mwaka mmoja mbele. Mtu huyu anasimama mbele ya maikrofoni na kutamka uhuru, kwa lugha ambayo kwake pia ni ya kujifunza, akiwa hana uhuru wenyewe bado. Baadaye alirudi nyumbani na kuingia bungeni, na wanaofuatilia siasa za Tanzania ya zamani wanamkumbuka kama mtu asiyenyamaza. Kwenye vitabu vya jazi yeye ni neno moja kwenye orodha: msimulizi.

Novemba 1960 wakaingia studio. Zaidi ya wanamuziki 20. Freddie Hubbard kwenye trampeti, miaka 22. Ron Carter kwenye besi, 23, na pembeni yake besi ya pili, George Duvivier. Clark Terry, Yusef Lateef, Gigi Gryce, Kenny Burrell na gita, rafiki wa zamani Cecil Payne. Nyuma yao ukuta wa ngoma: Babatunde Olatunji kutoka Nigeria, Candido na Armando Peraza kutoka Kuba, na Max Roach yule yule wa Brooklyn, ambaye miezi michache kabla alikuwa amerekodi albamu yake mwenyewe ya kudai uhuru. Martha Flowers na Brock Peters wakaimba. Ukisikia sehemu ya tatu, "Bantu", ngoma za nchi tatu zinajibizana na hakuna anayeomba ruhusa.

Aliyeandika nani apige nini, lini, na anyamaze lini, ni Melba Liston. Nimegundua kwamba ukitaja albamu hii kwa wajuaji wa jazi watakuambia Weston, Hughes, Hubbard, halafu kama wana muda, Melba. Alikuwa mpiga tromboni, mwanamke katika safu ya vyombo ambamo wanawake walihesabika kwa kidole kimoja, na alikuwa amezunguka dunia na bendi ya Dizzy Gillespie. Yeye na Weston walianza pamoja na Little Niles ya 1958, albamu ya waltzi alizotunga Weston kwa ajili ya watoto wake. Weston alileta wimbo ukiwa mifupa, Melba akauvisha nyama. Kwenye "African Lady" vyombo vya upepo vinaingia polepole nyuma ya sauti ya Flowers kama watu wanaoingia kanisani wakiwa wamechelewa, kwa vidole vya miguu, na hiyo ni kalamu ya Melba. Alipopata kiharusi mwaka 1985 na kushindwa kupiga tena, alirudi kuandika kwa msaada wa kompyuta, na mwaka 1991 wakatengeneza pamoja The Spirits of Our Ancestors. Nikilazimishwa kuchagua rekodi mbili tu za Weston za kubaki nazo, zote mbili zina mkono wa mwanamke huyu.

Sasa, kuna swali ambalo mtu mwenye akili lazima aulize, na mimi nililiuliza nikiwa bado kwa hiyo matatu. Kiswahili kwa nini? Mababu wa watu weusi wa Marekani wengi walichukuliwa Afrika Magharibi na Afrika ya Kati ya magharibi, kuanzia Senegambia hadi Angola. Hawakuongea Kiswahili. Na Kiswahili chenyewe si malaika: kilisafiri bara pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa. Kama mtu anatafuta lugha ya bibi yake, alibisha nyumba isiyo yake.

Nimelizungusha swali hili miezi kadhaa, na naona Weston hakuwa anatafuta lugha ya bibi. Alikuwa anatafuta lugha ya kesho. Kitu kinachovuka mipaka, kisicho cha kabila moja, kisicholetwa na gavana. Hiyo ndiyo hoja ile ile ambayo TANU walikuwa wakiitumia Tanganyika wakati huo huo, kijiji kwa kijiji. Kwa hiyo Kiswahili chake kilichaguliwa kwenye ramani, ndio, lakini ni ramani ambayo watu wa huku walikuwa wanaichora kwa mikono yao. Baada yake mlango ukafunguka kabisa. Mwaka 1966 Maulana Karenga akaanzisha Kwanzaa huko California. Mwaka 1971 mpiga piano mwingine, Herbie Hancock, akatoa albamu inayoitwa Mwandishi, na wanabendi wake wakawa na majina kama Mganga, Jabali na Mchezaji. Ukisoma majina hayo Nairobi unacheka kidogo, kisha unaacha kucheka.

Mimi niliacha kucheka kwa sababu ya kipande cha mbao. Shule yangu ya msingi ilikuwa na kitu tulichokiita diski. Ukishikwa ukiongea Kiswahili siku isiyo ya Kiswahili, unavalishwa shingoni, unakaa nacho mpaka umshike mwenzako. Jioni mwenye diski anachapwa. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yetu ya kupumua. Nimevaa diski mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, mara moja kwa kusema tu "aki". Matokeo yake ni kwamba mpaka leo nikiandika Kiswahili cha makaratasi kuna sehemu ya shingo yangu inayongoja kamba. Nilipofika chuo, kabla karo haijanishinda mwaka wa tatu, tulisoma muhula mzima kuhusu ukoloni na kuondoka kwake, kwa Kiingereza safi, na hakuna aliyewahi kutaja kwamba neno letu lilikuwa kwenye sahani ya santuri ya New York kabla bendera yetu haijashonwa. Mtu wa Brooklyn aliwakusanya wanamuziki 20 na zaidi ili litamkwe vizuri. Mimi nalo nililipwa kiboko.

Sisemi haya ili tuhurumiane. Nasema kwa sababu inaeleza kwa nini nilirudia ile dakika ya Sanga mara 9 kabla matatu haijafika mjini.

Ilitoka kwa lebo ya Roulette, na haikumtajirisha mtu. Mwaka 1964 serikali ya makaburu Afrika Kusini ikaipiga marufuku. Sijui kama kuna uhakiki bora zaidi ya huo. Hakuna mchoro ndani yake, hakuna bunduki, sehemu kubwa ni tromboni na ngoma, lakini mtu wa ofisini Pretoria alielewa neno moja la Kiswahili vizuri kuliko wanunuzi wengi wa Marekani.

Weston hakurudi nyuma. Mwaka 1961 alifika Lagos kwa mara ya kwanza, kwenye msafara wa wasanii ambao Hughes na Nina Simone pia walikuwemo. Akarudi Nigeria 1963, na mwaka huo huo akatoa Highlife, tena na Melba, akipiga muziki wa watunzi wa mataifa mapya. Mwanzoni mwa 1967 serikali ya Marekani ikamtuma ziara ya Afrika Magharibi na Kaskazini, akaishia kuipenda Moroko kiasi cha kuhamia Tangier na kufungua klabu, African Rhythms. Hapo akakutana na mabwana wa Gnawa, ambao wengi wao ni kizazi cha watu weusi waliovushwa Sahara kama watumwa, na piano yake ikabadilika tena. Mkono wa kushoto ukawa gimbri, ile besi yao ya ngozi ya ngamia. Blue Moses ya 1972 ina vinanda vya umeme ambavyo mimi binafsi siviwezi, lakini usinisikilize, iliuza kuliko zote.

Mei 1967 Hughes alifariki. Alikuwa ameacha maagizo kuhusu mazishi yake: asiletewe mahubiri, aletewe muziki. Weston na bendi yake ndogo walipiga Harlem, bluzi, wakafunga na wimbo wa Duke Ellington ambao kichwa chake kinamwambia msikilizaji asifanye lolote mpaka amsikie tena mwenyewe. Walioenda kulia wakajikuta hawajui kama wanaruhusiwa kucheka.

Weston alifariki Brooklyn tarehe 1 Septemba 2018, akiwa na miaka 92, akiwa amepiga karibu mpaka mwisho.

Juzi stima zilipotea kwenye ploti, na mzee anayekaa nyumba ya chini, fundi wa viatu, akaniomba nimwekee kitu kwa spika ya betri maana redio yake imekufa. Nikamwekea "Uhuru Kwanza" bila kumwambia chochote. Akasikiliza ngoma. Sauti ya Sanga ilipoingia akaacha kushona.

"Huyu ni wa Tanganyika," akasema. Hakusema Tanzania.

Nikamwambia ni kweli, na kwamba ilirekodiwa Marekani, 1960.

"Sitini?" Akahesabu kwa midomo. "Sitini mimi nilikuwa darasa la pili. Hilo neno tulikuwa tunaliambiwa usiku." Akaangalia spika kama inamdai. Vyombo vikaingia vyote pamoja, trampeti za Hubbard na wenzake juu, piano chini ikigonga mlango wake, na mzee akainua mkono akanizuia nisiongee. Ilipofika katikati akaniambia, "Sasa rudisha pale anaanza kuongea."